Nani Aende Badala Yako

Mtaniona mzee mwenye maneno mengi, na ni kweli. Kazi yangu ilikuwa mikutano. Seremala akistaafu hubaki na randa yake. Mimi nimebaki na maneno, na miguu inayovimba kwa miaka ya kukalia viti vya plastiki.

Naitwa Rhoda, lakini kutoka Tarasaa mpaka Wenje wananiita Mama Mkutano. Nilikuwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kazi yenyewe, kwa nyinyi ambao mmeianza juzi, ni hii: watu wakiwa na jambo ambalo wasipopatana watapigana, unatumwa wewe na pikipiki. Unaenda, unakaa, unasikiliza, unakunywa chai yenye sukari nyingi kuliko majani, na jioni unarudi Garsen ukiwa na makubaliano. Ukirudi bila makubaliano unaulizwa mafuta ya pikipiki yalienda wapi.

Nyinyi mna simu. Nimeingizwa kwenye grupu lenu la WhatsApp, asanteni, ingawa sikuomba. Naona mnauliza, "Kisima kiwe wapi, A au B?" Watu wanaweka kidole gumba. Basi mnaandika kwenye ripoti kwamba wanajamii wamekubali. Wanangu, kile kidole gumba nakijua tangu kilipokuwa mkono mzima.

Mkutano wangu wa kwanza wa peke yangu ulikuwa upande wa Bangale. Tulitaka kujua tangi la maji lijengwe wapi. Nikaeleza vizuri, nikachora mchangani, kisha nikasema anayekubali ainue mkono. Mikono yote ikainuka. Nikafurahi sana. Ili mambo yawe rasmi nikasema, haya, na anayekataa ainue mkono. Mikono yote ikainuka tena, pamoja na ya mzee mmoja aliyekuwa amesinzia mara ya kwanza. Nikamgeukia Mzee Barisa, mkalimani wetu, nikamuuliza kama kweli hawa watu wameelewa.

"Wameelewa," akasema. "Umewaomba mkono mara mbili, wamekupa mara mbili. Wewe ni mgeni."

Huyu Mzee Barisa ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kwenye karatasi za ofisi alikuwa dereva. Alikuwa Mworma, mtu wa ng'ombe, mrefu, mkavu, na sijui kama meno yake yalikuwa kamili kwa sababu hakuwahi kucheka mbele yangu. Mimi ni Mpokomo, mtoto wa wakulima wa mtoni. Ili nimwambie mfugaji neno lolote kuhusu maji ilibidi kwanza aniamini, na mimi nilidhani ataamini ile beji niliyovaa shingoni. Kuna siku nilisimama mbele ya wazee wa kambi moja ya ng'ombe nikasema, "Hamjambo wazee. Naitwa Rhoda, natoka ofisi ya Garsen." Basi. Mzee Barisa akaanza kutafsiri. Akatafsiri, akatafsiri, chai ikapoa. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Mwingine akaniangalia upya kutoka juu mpaka chini, kisha akanisogezea kiti chake mwenyewe.

Tulipopanda gari nikamuuliza, "Mzee, kwani nilisema hayo yote?"

"Hukusema. Ndiyo maana nimesema mimi."

"Umesema nini?"

"Nimewaambia babu yako ni nani, wakati wa mafuriko alimvusha nani, shangazi yako ameolewa wapi, na mama yako ndizi zake humuuzia nani. Hayo ya ofisi nimeyaacha. Hakuna aliyeyauliza."

Nilikasirika njia nzima, maana mimi nina cheti cha kazi hii na nilikuwa nimekitolea jasho. Lakini tuliporudi kambi ile wiki iliyofuata, wazee walikuwa wanatungoja. Beji nikaitia mfukoni.

Sasa niwaeleze habari ya malka, ambayo ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo. Mliotumwa kutoka mbali, lijueni hili kabla hamjajua choo cha ofisi kiko wapi. Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni, na inapita katikati ya mashamba. Kiangazi kikikaza, mabwawa ya bara yanakauka, ng'ombe wanakuja Tana, na ukingo wote wa Tana una mahindi ya watu. Malka ikiwa wazi, ng'ombe anakunywa na mkulima anavuna. Malka ikifungwa, ng'ombe anakunywa vilevile, ila anapita juu ya mahindi. Baada ya mahindi ni mapanga, na baada ya mapanga ni makaburi. Sote huku tumezika, sina haja ya kuendelea.

Na mto wetu nao una tabia zake. Kuna mwaka mafuriko yalipopungua tukakuta umehama. Katika kijiji kimoja juu ya Garsen, ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe wako hai na wana simu, malka ya zamani ilikuwa bado inashuka vizuri kabisa, ua huku na ua huku, mpaka kwenye matope makavu. Mto ulikuwa umekata kona mpya, na kila mahali ukingo umesimama wima. Mahali pekee ambapo ng'ombe angeweza kushuka bila kuvunjika miguu palikuwa ndani ya shamba la mwanamke mmoja mjane aliyeitwa Esta. Tena si pembeni mwa shamba. Ni pale kwenye migomba, ambayo ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wake.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Jillo, akaita mkutano na mimi nikatumwa. Wakulima wakakaa upande huu, wafugaji upande ule, na katikati wakaacha nafasi ambayo ungeweza kuegesha lori. Wakulima wakasema shamba la Esta haliguswi. Wafugaji wakasema kiu haingoji. Wakarudia hivyo mpaka jua likahama. Mimi nikafanya walichonifundisha chuoni, nikapigisha kura. Wakulima walikuwa wengi, wakashinda. Ng'ombe hawakuwa wamepiga kura.

Mzee mmoja wa wafugaji, mkali sana, tulimwita Mzee Wario, akasimama akasema, "Tumesikia." Wenzake wote wakasimama, wakachukua fimbo zao, wakaondoka. Soda zao zikabaki pale kwenye kreti. Katika kazi hii, wanangu, watu wakikutukana usiogope. Soda zikibaki, muombe Mungu.

Wiki ile madukani Garsen tochi zikaanza kuadimika, na mnajua tochi zikiadimika watu wanajiandaa kwa nini. Kule bara vumbi la mifugo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Nikamwendea Mzee Barisa, alikuwa anaosha gari, nikamwambia nimeshindwa, hawa watu watauana.

Akaendelea kuosha. "Uliwauliza nini?"

"Niliwauliza wanataka nini."

"Wanataka mto mmoja. Hilo ulikuwa unalijua kabla hujawasha pikipiki. Waulize wanamwamini nani."

Basi nikatengeneza swali, na swali lenyewe nawapa bure. Ni hili: *ukiamka na malaria siku ya mkutano, nani aende badala yako, na akikubali jambo, wewe usinung'unike?* Huruhusiwi kusema "hakuna". Ukishanitajia mtu, namwendea huyo mtu namuuliza swali lile lile. Naye akinitajia mwingine, namfuata huyo mwingine.

Lakini angalieni mnaulizia wapi. Siku ya kwanza niliulizia karibu na duka, na wanaume wote wakamtaja mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesimama hapo ananunua sigara. Nikaacha. Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba, nikipukuchua mahindi na wenyewe, nikichota maji, nikisimama zizini mpaka viatu vikaharibika. Mtu mikono yake ikiwa na kazi, mdomo unasema ukweli. Ukimkalisha kwenye kiti cha plastiki anaanza kuhutubia.

Nikamuuliza mwenyekiti mwenyewe. Alifikiri sana, akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu."

Nikaenda jikoni kwa mke wake. Akajibu kabla sijamaliza swali. "Halima."

"Halima gani?"

"Kwani una Halima wangapi? Halima wa maziwa."

Halima alikuwa Mworma. Kila asubuhi alitoka kambini na mitungi ya maziwa akazunguka kijijini kwa Wapokomo, nyumba kwa nyumba, na alikuwa na wateja wake ambao hawangenunua kwa mwingine. Nikamwambia mke wa mwenyekiti, mama, mbona unamtaja mtu wa upande wa pili? Akageuza ugali wake kwanza.

"Kuna siku alikuja hapa, nikatoa sufuria, akaniambia leo usichukue, yule ng'ombe namshuku, ana ugonjwa. Akayamwaga pale nje. Mtu anayekukataza kununua bidhaa yake, huyo si wa kumpeleka mkutanoni? Nimpeleke nani, huyu wangu wa sigara?"

Nikaendelea. Wake za wakulima walinitajia Halima, au walinitajia jirani, na jirani akanitajia Halima. Kwa wafugaji nikadhani mambo yatakuwa mengine. Nikamwendea Mzee Wario, yule wa soda. Alinitazama muda mrefu nikaona leo nafukuzwa. Kisha akasema, "Kama ni mambo ya kupigana nitamtuma ndugu yangu. Kama ni mambo ya kuishi na wale watu, Halima. Yeye ndiye anayeingia majikoni mwao."

Jioni nikawa nachora uwanjani kwangu kwa kijiti, nani kamtaja nani, mishale mitupu. Kuku wakafuta. Nikachora tena. Mishale ikaenda pale pale.

Basi nikamngoja Halima njiani. Nikamsalimu asalaam aleikum, nikamuuliza kuhusu malaria. Akacheka. "Mimi sina malaria, dada."

"Ukiwa nayo."

Akatua mtungi chini. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nitamtuma Esta."

"Halima, Esta ndiye mwenye shamba. Yeye ndiye atakayekatiwa migomba yake."

"Najua. Ndiyo maana sitamtuma mwingine. Huyo mwingine anaweza kusema ndiyo kwa sababu si kwake. Esta akisema hapana, nitajua ile hapana imetoka wapi. Wanangu ndio wanaochunga, dada. Sitaki kuwapeleka kwenye njia ya uongo."

Sikuenda hata ofisini, nikaenda moja kwa moja kwa Esta. Alikuwa anapalilia. Bwana asifiwe, amina, nikauliza swali langu. Hakuinua kichwa.

"Halima."

"Mama Esta, unajua kwamba wana wa Halima ndio wanaotaka kupita hapa?"

"Kwani mimi kipofu? Nawaona kila siku wamesimama pale juu wanaangalia maji." Akapiga jembe. "Yule dogo anakonda."

Nikampa Mzee Barisa habari kwamba njia zote zimeishia kwa watu wawili, na hao wawili wanatajana. Akafunga boneti ya gari. "Basi umefika," akasema. "Acha kuchoma mafuta."

Mkutano wa pili niliuita mimi. Nikasema, wazee, akina mama, kila mmoja wenu ameniambia nani aende badala yake. Sitasema nani alisema nini. Lakini nimefuata maneno yenu yote, na yameishia kwa Esta na Halima. Anayetaka kurudisha neno lake alirudishe sasa hivi, mbele ya watu.

Wanaume wakaanza kukagua viatu vyao. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Lakini mimi nilimtaja mke wangu." Nikamwambia ni kweli, na mke wako naye ana wa kwake. Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama vilevile. "Sawa," akasema mwenyekiti.

Kijana mmoja upande wa wafugaji akaruka juu. "Yaani mambo ya ng'ombe tuachie wanawake wawili?"

Mzee Wario akamgeukia taratibu. "Wewe ulimtaja nani?"

Kijana akaanza kuikagua fimbo yake.

"Nimekuuliza."

"Mama."

"Na mama yako ni nani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, Mpokomo na Mworma, kwa sababu mama yake alikuwa Halima na kila mtu pale alijua.

Wakaenda shambani wao wawili, sisi tukabaki. Tuliwaona kwa mbali. Wakatembea, wakasimama, Halima akachuchumaa akapima mteremko kwa mkono. Halafu wakagombana. Msije mkadanganywa kwamba watu wanaoaminiana hawagombani. Waligombana mikono juu, na Esta akatupa leso yake chini. Mwenyekiti akataka kwenda kuamua, mkewe akamshika shati. Baadaye wakashusha mikono, wakakaa pale kwenye migomba, kisha wakarudi.

Esta ndiye aliyesema. "Watapita kwangu. Upande wa chini wa migomba, sio juu. Asubuhi tu. Jua likifika kichwani nisione hata mkia. Ua wa miiba wataujenga wao, na miiba waje nayo. Samadi inabaki kwangu."

Halima akasema, "Na huyu mwanangu mwenye mdomo ndiye atakayetangulia mbele. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, mimi sitafuti mzee wala chifu. Nitamtafuta yeye."

Hakuna aliyeinua mkono na mimi sikuomba. Soda zilinywewa zote, tena zilikuwa za moto.

Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Kesho yake nikaenda kumpongeza Esta. Nikamkuta anakata migomba yake, yeye mwenyewe, kwa panga. Vijana walikuwa wamekuja kusaidia, amewafukuza. Analia na anakata. Nikamwambia, mama Esta, umefanya jambo kubwa sana.

Akasimama. "Wangenipigia kura ningewapinga. Ningeenda kwa chifu, ningeenda mahakamani, ningekumbatia hii migomba mpaka waniburute. Lakini wamenipa neno lao mkononi, hata wale wa kule. Sasa nimpinge nani? Hii kazi yako ni mbaya, Mama Mkutano."

Nawaambia haya wazi ili siku mkiambiwa hivyo msishangae. Mkimpa mtu neno la watu wote, mmemtwika. Kwa hiyo usiende kusherehekea. Rudi kwa wengine uwagawie ule mzigo. Mimi niliwarudia wakulima wale wale waliokuwa wameridhika sana, maana kuridhika na shamba la mwenzako ni kazi rahisi. Nikawaambia kila nyumba itoe mche wa mgomba na itoe kipande cha ardhi kandokando ya shamba la Esta, mipaka yote isogee kidogo kidogo, mpaka yeye apate pengine pa kupanda. Walinung'unika. Nikawauliza kama wana malaria, niwatafutie wa kutoa badala yao. Wakatoa.

Ng'ombe wa kwanza walikuja asubuhi moja, vumbi limewatangulia. Kijiji kizima kilikuwa pembeni ya ua. Hakuna aliyekuja na panga kwa nia mbaya, walisema. Walikuwa tu wanaelekea shambani, wote kwa pamoja. Wafugaji nao fimbo zao mikononi. Mwana wa Halima mbele, amenyooka, hatazami kushoto wala kulia. Wakashuka vizuri. Mimi nikaanza kupumua.

Hapo ndipo dume moja jeusi lilipogeuza kichwa, likaupita ule ua wa miiba kama haupo, likaingia kwenye mahindi ya Esta. Mahindi yenyewe yalikuwa yamebeba. Tulisikia mabua yakivunjika. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliona mkono wa mwanamume mmoja ukibadilisha mshiko wa panga, nikaona fimbo zikishuka kutoka mabegani, nikawa nahesabu watoto wamesimama wapi.

Lakini hakuna aliyesogea. Wakulima walikuwa wanamtazama Esta. Nikageuka kwa wafugaji, nao wanamtazama Esta. Mzee Wario mwenyewe alikuwa amemkodolea macho. Wote walikuwa wanangoja atasema nini.

Esta akafunga leso vizuri kiunoni. Akaingia kwenye mahindi yake, akalizunguka lile dume, akalipiga kofi la tako. "Toka, mwizi." Kisha akamwita mwana wa Halima, ambaye uso wote ulikuwa umempauka kwa hofu. "Mpitishe huku, mwanangu. Polepole. Asije akanivunjia mengine."

Kijana akalishika pembe akalitoa. Lilitoka na bua mdomoni, linatafuna. Mtu mmoja upande wa wakulima akacheka, halafu mapanga yote yakakumbuka kwamba yalikuwa yanaenda shambani.

Mimi nilikaa chini nikalia mbele za watu, na kofia ya pikipiki kichwani. Nilipomaliza nikainua macho, Esta alikuwa amesimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Na wewe utoke hapo," akasema. "Umekalia kunde zangu."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Nikatoka.